Utambuzi wa sayari ndogo kwenye vibete vyekundu

Utambuzi wa sayari ndogo kwenye vibete vyekundu ni tawi la astronomia linalotafuta sayari zenye masi inayokaribia ile ya Dunia kando ya nyota ndogo zenye halijoto ya chini. Sayari hizo ziko nje ya mfumo wa Jua letu. Ni hafifu mno na ziko karibu sana na nyota zao, hivyo darubini za leo haziwezi kuzipiga picha. Kuwepo kwake kunajulikana kwa kuitazama nyota yenyewe: mwanga wake unapungua kidogo kila sayari inapopita mbele yake, au nyota inayumba kidogo kwa kuvutwa na sayari.

Kwa vyombo vilivyopo, sayari yenye ukubwa wa Dunia ni rahisi zaidi kutambuliwa kando ya nyota ndogo kuliko kando ya nyota kama Jua. Lakini vibete vyekundu vingi vina madoa na milipuko inayoweza kuiga alama za sayari. Sayari kadhaa zilizotangazwa kwa shangwe zilifutwa baadaye. Kwa hiyo historia ya utafiti huu ni historia ya ugunduzi na pia ya kusahihisha makosa.

## Nyota zenyewe

Kibete chekundu ni nyota ya aina ya spektra M. Masi yake huwa kati ya asilimia 8 na asilimia 60 hivi ya masi ya Jua. Gimba lenye masi chini ya kiwango hicho haliwezi kudumisha myeyungano wa hidrojeni katika kiini chake, kwa hiyo halihesabiwi kuwa nyota kamili. Halijoto usoni pa kibete chekundu ni takriban Kelvini 2,500 hadi 3,900, ilhali usoni pa Jua ni Kelvini 5,772.

Karibu robo tatu ya nyota zote za Njia Nyeupe ni vibete vyekundu. Hata hivyo hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho matupu kwa kawaida, kwa sababu mng'aro wake ni mdogo. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri katika kundinyota la Kantarusi, ni kibete chekundu kilicho umbali wa miakanuru 4.24, lakini haionekani bila darubini.

Vibete vyekundu hutumia hidrojeni yake polepole. Jua litadumu kwa takriban miaka bilioni 10 kwa jumla, lakini kibete chekundu kinaweza kuendelea kung'aa kwa makumi ya mabilioni ya miaka, na vile vidogo kabisa kwa matrilioni. Kwa kuwa umri wa ulimwengu ni takriban miaka bilioni 13.8, bado hakuna kibete chekundu kilichofikia uzee.

Sehemu kubwa ya mwanga wa nyota hizi hutoka katika eneo la infraredi, ambalo jicho la binadamu halilioni. Jambo hili lina athari kubwa kwa vyombo vinavyotumika kuzichunguza.

## Kwa nini nyota ndogo hurahisisha kazi

Nondo akipita mbele ya taa kubwa ya uwanja wa mpira, hakuna atakayeona tofauti. Akipita mbele ya mwali wa kibatari, kivuli chake kinaonekana ukutani. Nondo ni yuleyule. Kilichobadilika ni ukubwa wa taa.

Ndivyo ilivyo kwa sayari. Kiasi cha mwanga kinachozuiwa kinategemea uwiano wa kipenyo cha sayari na kipenyo cha nyota, uwiano huo ukizidishwa kwa wenyewe. Kipenyo cha Jua ni mara 109 ya kile cha Dunia. Kwa hiyo mtazamaji wa mbali anayeiona Dunia ikipita mbele ya Jua angeona mwanga ukipungua kwa sehemu 1 kati ya 12,000 hivi. Kama Dunia hiyohiyo ingepita mbele ya nyota yenye kipenyo cha asilimia 12 ya kile cha Jua, uwiano ungekuwa 1 kwa 13, na mwanga ungepungua kwa sehemu 1 kati ya 170 hivi. Alama ya pili ni kubwa mara 70 kuliko ya kwanza.

Masi ya nyota nayo ina athari yake. Mtu mzima na mtoto wanaposhikana mikono na kuzunguka, mtoto hupiga duara kubwa na mtu mzima duara dogo. Kadiri mtu mzima anavyokuwa mwepesi, ndivyo anavyoyumba zaidi. Vivyo hivyo nyota nyepesi huyumbishwa zaidi na sayari ileile.

Tena, nyota hafifu haitoi joto jingi. Sayari inayohitaji kupata joto kama la Dunia inapaswa kuwa karibu sana na nyota hiyo, na sayari iliyo karibu humaliza mzunguko wake kwa siku chache. Mtafiti hahitaji kusubiri mwaka mzima ili kuona mpito wa pili.

Jedwali lifuatalo linalinganisha sayari yenye masi na kipenyo cha Dunia, inayopokea joto sawa na Dunia, kwenye nyota mbili: Jua, na nyota yenye asilimia 9 ya masi ya Jua kama TRAPPIST-1. Tarakimu za safu ya mwisho ni makadirio ya hesabu.

| | Jua | Nyota kama TRAPPIST-1 |
|---|---|---|
| Umbali wa sayari kutoka nyota | km milioni 150 | km milioni 3.5 |
| Muda wa mzunguko | siku 365 | siku 4.4 |
| Kupungua kwa mwanga wakati wa mpito | asilimia 0.008 | asilimia 0.6 |
| Uwezekano wa mpito kuonekana | 1 kati ya 215 | 1 kati ya 43 |
| Kasi ya kuyumba kwa nyota | sentimita 9 kwa sekunde | mita 1.9 kwa sekunde |

Faida hizi zina gharama. Nyota hizi ni hafifu, hivyo darubini hupokea mwanga kidogo, na kipimo chochote cha mwanga kidogo kina wasiwasi mkubwa zaidi. TRAPPIST-1 kwa mfano ina mwangaza unaoonekana wa takriban magnitudo 18.8, ilhali kikomo cha jicho la binadamu gizani ni magnitudo 6 hivi.

## Mbinu za utambuzi

### Mpito

Mpito ni tukio la sayari kupita kati ya nyota yake na mtazamaji. Darubini hupima mwangaza wa nyota tena na tena, na mtafiti hutafuta upungufu mdogo unaorudi kwa vipindi vilivyo sawa. Mbinu hii inaonyesha kipenyo cha sayari na muda wa mzunguko wake, lakini peke yake haionyeshi masi.

Mpito unaonekana tu ikiwa obiti ya sayari imelala karibu kabisa katika mstari wa macho yetu. Kwa hiyo sayari nyingi haziwezi kugunduliwa kwa njia hii. Vilevile nyota mbili zinazozungukana na kufunikana zinaweza kuleta upungufu unaofanana na mpito, na ni lazima uwezekano huo uondolewe kabla ya kutangaza sayari.

### Athari ya Doppler

Nyota inapoyumba kuelekea kwetu, mistari ya spektra yake husogea kidogo upande wa buluu. Inaporudi nyuma, husogea upande wa nyekundu. Kasi ya mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea polepole, hubadilisha urefu wa wimbi kwa sehemu 1 tu kati ya milioni 300. Kupima badiliko dogo namna hiyo kunahitaji spektrografu iliyofungiwa katika tangi lisilo na hewa, ambalo halijoto yake haibadiliki.

Spektrografu ya HARPS ilianza kazi mwaka 2003 kwenye darubini ya mita 3.6 ya paoneaanga pa La Silla nchini Chile, na ilikuwa ya kwanza kufikia usahihi wa takriban mita 1 kwa sekunde. ESPRESSO, iliyopo Paranal katika nchi hiyohiyo, ina usahihi mkubwa zaidi. CARMENES, iliyoko Calar Alto nchini Hispania tangu 2016, ilibuniwa mahsusi kwa ajili ya vibete vyekundu na hupima mwanga unaoonekana pamoja na infraredi kwa wakati mmoja.

Mbinu hii hutoa masi ya chini kabisa inayowezekana. Kama obiti imeinama kwa mtazamo wetu, sehemu tu ya kuyumba kwa nyota huelekea kwetu, na masi halisi ya sayari ni kubwa zaidi. Sayari inayojulikana kwa mpito na kwa Doppler pamoja ina thamani ya pekee: kipenyo na masi vikijulikana, densiti inaweza kukokotolewa, nayo hudokeza kama sayari ni ya mwamba, ya maji au yenye gesi nyingi.

### Tofauti za saa za mipito

Sayari kadhaa zikizunguka nyota moja kwa karibu, huvutana zenyewe kwa zenyewe. Matokeo yake ni kwamba mipito huwahi au kuchelewa kwa dakika kadhaa. Kutokana na tofauti hizo masi za sayari zinaweza kukadiriwa hata kama nyota ni hafifu mno kwa kipimo cha Doppler.

### Lenzi ya graviti

Nyota moja inapopita karibu kabisa na mstari wa macho kuelekea nyota ya mbali zaidi, graviti yake hukunja mwanga wa ile ya mbali na kuukuza kwa muda. Kama nyota ya mbele ina sayari, ongezeko la pili la muda mfupi linaweza kuonekana. Kwa njia hii ilitangazwa mwaka 2006 sayari OGLE-2005-BLG-390Lb, yenye masi ya takriban mara 5.5 ya Dunia, kwenye nyota ndogo iliyo mbali kwa makumi ya maelfu ya miakanuru kuelekea kitovu cha Njia Nyeupe. Mbinu hii hufika mbali sana, lakini tukio lenyewe halirudii.

## Nyota inapodanganya

Usoni pa vibete vyekundu vingi kuna madoa yaliyo baridi kuliko sehemu nyingine, sawa na madoa ya Jua. Nyota inapojizungusha, madoa husogea pamoja nayo. Upande mmoja wa nyota unatukaribia na upande mwingine unatukimbia. Doa likifunika sehemu ya upande mmoja, wastani wa mistari ya spektra husogea kana kwamba nyota yote imeyumba. Doa likidumu kwa mizunguko mingi, alama hiyo hurudi kwa vipindi, kama alama ya sayari.

### Nyota ya Barnard

Nyota ya Barnard katika kundinyota la Hawaa iko umbali wa miakanuru 6. Ni nyota moja iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya zile tatu za mfumo wa Alfa Centauri. Mwanaastronomia Mmarekani E. E. Barnard alitambua mwaka 1916 kwamba inasogea angani haraka kuliko nyota nyingine yoyote iliyojulikana.

Mwaka 1963 Peter van de Kamp wa paoneaanga pa Sproul nchini Marekani alitangaza kwamba nyota hii inayumba angani kwa kuvutwa na sayari kubwa yenye masi ya mara 1.6 ya Mshtarii. Alikuwa amekusanya picha za kioo kwa miongo mingi, na vitabu vingi viliitaja sayari hiyo kama ukweli. Mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn, wakitumia picha za darubini nyingine, hawakuona kuyumba kokote. Wakati huohuo John Hershey, aliyefanya kazi Sproul, alionyesha kwamba nyota nyingine katika picha zilezile "ziliruka" katika tarehe ambazo darubini ilikuwa imefanyiwa marekebisho. Katika kisa hiki aliyedanganya hakuwa nyota, bali chombo.

Mwaka 2018 kikundi cha kimataifa kilitangaza sayari nyingine, safari hii yenye masi ya angalau mara 3.2 ya Dunia na mzunguko wa siku 233. Mwaka 2021 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba alama hiyo ilitokana zaidi na shughuli za nyota yenyewe, ambayo hujizungusha polepole kwa takriban siku 145.

Hatimaye, Oktoba 2024, Jonay González Hernández na wenzake walitangaza kwa kutumia ESPRESSO sayari yenye mzunguko wa siku 3.15 tu. Machi 2025 kikundi kingine, kikitumia spektrografu ya MAROON-X kwenye darubini ya Gemini North kule Hawaii, kilithibitisha sayari hiyo pamoja na nyingine tatu. Zote nne humaliza mizunguko yake kwa chini ya siku 7, na masi zake zimekadiriwa kati ya asilimia 19 na 34 ya masi ya Dunia. Ni miongoni mwa sayari nyepesi kabisa zilizowahi kutambuliwa kwa mbinu ya Doppler. Ziko karibu mno na nyota, kwa hiyo ni za moto kupita kiasi kwa maji ya kiowevu.

### Gliese 581

Gliese 581 ni kibete chekundu katika kundinyota la Mizani, umbali wa takriban miakanuru 20. Kati ya 2005 na 2009 kikundi cha Geneva kilichoongozwa na Michel Mayor na wenzake kilitangaza sayari nne zilizoitwa b, c, d na e. Mwaka 2010 kikundi cha Marekani kiliongeza f na g. Sayari d na g zilipata umaarufu mkubwa kwa sababu zilionekana kuwa katika ukanda unaokalika, yaani umbali ambao maji yanaweza kuwa kiowevu juu ya uso wa sayari.

Watu waliamini kiasi cha kutuma salamu. Oktoba 2008 ujumbe wa redio ulirushwa kutoka Yevpatoria, Ukraine, kuelekea nyota hii. Agosti 2009 kituo cha mawasiliano ya anga-nje kilichopo karibu na Canberra, Australia, kilituma zaidi ya jumbe 25,000 za watu wa kawaida, zikilengwa hasa kwa sayari d.

Mwaka 2014 Paul Robertson na wenzake walichunguza upya vipimo vyote. Waligundua kwamba nyota hujizungusha mara moja kwa siku 130 hivi, na kwamba mzunguko uliodhaniwa kuwa wa sayari d, siku 66, ni karibu nusu ya muda huo. Athari za usumaku wa nyota zilipoondolewa katika hesabu, alama ya b, c na e ziliimarika, lakini alama ya d ilififia na g ikatoweka. Sayari hizo mbili maarufu hazipo katika orodha za leo. Jumbe zilizotumwa bado ziko njiani na zitafika kwenye nyota karibu na mwaka 2029.

### Namna ya kuhakiki

Kutokana na visa kama hivi watafiti wamejiwekea taratibu kadhaa:

* Rangi. Sayari huivuta nyota nzima, hivyo kasi inayopimwa ni ileile katika mwanga wa buluu, mwekundu na infraredi. Athari ya doa hubadilika kufuatana na rangi, na kwa kawaida ni ndogo zaidi katika infraredi.
* Mzunguko wa nyota. Muda wa nyota kujizungusha hupimwa kwanza. Alama yenye muda huohuo, nusu yake au theluthi yake hutiliwa shaka.
* Kudumu. Madoa huzaliwa na kufa. Alama ya sayari haibadiliki mwaka hadi mwaka.
* Chombo kingine. Kikundi kingine, kwa darubini nyingine na hesabu nyingine, kinapaswa kupata jibu lilelile.

## Ugunduzi mashuhuri

### Mwanzo

Sayari ya kwanza kuthibitishwa kwenye kibete chekundu ilitangazwa mwaka 1998 kando ya Gliese 876, umbali wa miakanuru 15. Ilikuwa jitu la gesi. Mwaka 2005 ilitambuliwa katika mfumo huohuo sayari d, yenye masi ya mara 7 hivi ya Dunia, na tangu hapo utafutaji wa sayari ndogo ulishika kasi.

### GJ 1214 b (Enaiposha)

Mwaka 2009 David Charbonneau na wenzake waligundua sayari kwenye nyota GJ 1214 katika kundinyota la Hawaa. Walitumia mradi wa MEarth, uliokuwa na darubini nane zenye kipenyo cha sentimita 40 tu kule Arizona. Ugunduzi huo ulionyesha kwamba kwa nyota ndogo hata darubini ndogo zinatosha.

Kipenyo cha sayari hii ni mara 2.7 ya Dunia na masi yake ni mara 8 hivi. Densiti yake ni takriban gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo, ilhali ya Dunia ni 5.5. Kwa hiyo haiwezi kuwa mwamba mtupu. Lazima iwe na maji mengi, gesi nyingi au vyote viwili.

Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliipa nyota hii jina Orkaria na sayari yake jina Enaiposha. Majina hayo yalipendekezwa na kikundi kutoka Kenya na ni ya lugha ya Kimaasai: *orkaria* ni udongo mwekundu wa kujipaka, unaolingana na rangi ya nyota, na *enaiposha* ni eneo kubwa la maji kama ziwa au bahari. Neno hilo la pili ndilo linalotajwa kuwa asili ya jina la Ziwa Naivasha.

### Proxima b

Agosti 2016 Guillem Anglada-Escudé na wenzake walitangaza sayari kwenye Proxima Centauri. Inazunguka kwa siku 11.2 ikiwa umbali wa takriban kilomita milioni 7.3, na huiyumbisha nyota kwa kasi inayozidi kidogo mita 1 kwa sekunde. Masi yake ni angalau sawa na ile ya Dunia. Kabla ya kutangaza, kikundi kiliitazama nyota karibu kila usiku kwa miezi kadhaa na kupima mwangaza wake sambamba, ili kuhakikisha kwamba alama haitokani na madoa. Mwaka 2020 ESPRESSO iliithibitisha. Mpito wake umetafutwa lakini haukuonekana, kwa hiyo kipenyo chake hakijulikani.

### TRAPPIST-1

TRAPPIST-1 iko katika kundinyota la Ndoo, umbali wa miakanuru 40. Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, aliichunguza pamoja na wenzake kwa darubini ya sentimita 60 iliyopo La Silla. Mei 2016 walitangaza sayari tatu. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba mipito iliyohesabiwa kuwa ya sayari ya tatu ilitoka kwa sayari zaidi ya moja. Darubini ya anga-nje Spitzer iliitazama nyota kwa takriban majuma matatu, na Februari 2017 zikatangazwa sayari saba, zote zikiwa na ukubwa unaokaribia ule wa Dunia.

Bara la Afrika lilichangia ugunduzi huo kupitia darubini mbili: TRAPPIST-North iliyopo Oukaïmeden katika milima ya Atlas nchini Moroko, inayoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cadi Ayyad cha Marrakech, na darubini ya mita 1 ya paoneaanga pa Afrika Kusini huko Sutherland.

Sayari ya ndani kabisa huzunguka kwa siku 1.5 na ya nje kwa siku 18.8. Mizunguko yake inafuatana kwa uwiano wa namba ndogo: sayari b ikizunguka mara 8, c huzunguka mara 5, c ikizunguka mara 5, d huzunguka mara 3. Kwa sababu ya mpangilio huu sayari huvutana kwa nguvu, na masi zake zimepimwa kwa usahihi kutokana na tofauti za saa za mipito.

## Wingi wa sayari hizi

Darubini ya anga-nje Kepler, iliyorushwa 2009, ilichunguza maelfu ya vibete vyekundu. Mwaka 2014 ilitangazwa Kepler-186f, sayari ya kwanza yenye ukubwa wa karibu na Dunia kupatikana katika ukanda unaokalika wa nyota nyingine. Mwaka 2015 Courtney Dressing na David Charbonneau walikadiria kutokana na data za Kepler kwamba kila kibete chekundu kina wastani wa sayari 2.5 zenye kipenyo kati ya mara 1 na mara 4 ya Dunia na mzunguko wa chini ya siku 200. Tangu 2018 darubini ya TESS inachunguza nyota za karibu zaidi. Mojawapo ya sayari zake ni TOI-700 d, iliyotangazwa 2020.

## Suala la angahewa na uhai

Kuwa katika ukanda unaokalika si uthibitisho wa maji, sembuse uhai. Sayari zilizo karibu na kibete chekundu kwa kawaida huonyesha nyota upande mmoja tu, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja. Upande mmoja una mchana wa daima na mwingine usiku wa daima. Bila angahewa ya kusambaza joto, tofauti ya halijoto kati ya pande hizo ni kubwa mno.

Tena vibete vyekundu, hasa vikiwa vichanga, hutoa milipuko yenye mionzi mikali inayoweza kuondoa angahewa. Machi 2016 mlipuko mmoja uliongeza mwangaza wa Proxima Centauri mara makumi kwa muda mfupi, hadi karibu kiwango cha kuonekana kwa macho matupu.

Darubini ya anga-nje ya James Webb imeanza kupima jambo hili. Mwaka 2023 ilionyesha kwamba upande wa mchana wa TRAPPIST-1 b una halijoto ya takriban Kelvini 500, kiasi kinachotarajiwa kwa mwamba usio na angahewa nzito. Mwaka huohuo vipimo vya TRAPPIST-1 c vilionyesha kwamba haina angahewa nzito ya dioksidi kabonia kama ile ya Zuhura. Sayari za nje zaidi, hasa e, ni ngumu kupima, na hapa tena madoa ya nyota huchanganya matokeo: spektra ya doa baridi inaweza kuwa na alama za mvuke wa maji, na mtafiti asipokuwa mwangalifu anaweza kudhani maji ya nyota ni maji ya sayari.

Nchini Chile, juu ya mlima Cerro Armazones, inajengwa darubini yenye kioo cha mita 39. Mojawapo ya shabaha zake ni kutenganisha mwanga wa sayari za karibu, kama Proxima b, na mwanga wa nyota zao, ili sayari ichunguzwe kwa mwanga wake yenyewe badala ya kutegemea ushahidi wa nyota pekee.